Chakula cha Mzee wa Nyuma ya Ukuta

Niliishi na baba mkwe wangu nyumba moja pale Msasani, Tukuyu, kwa miaka. Nikampikia, nikamfulia, nikamtandikia kitanda, na sikuwahi kumwona uso. Nikiwaambia hivi watu wa Dar wanacheka, wanadhani nawatania. Basi nacheka nao, maana kueleza kunachosha.

Kwetu Rungwe mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Tunaita ukutila, ile heshima yenye hofu ndani yake. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Hamsalimiani, hamli pamoja, na jina lake hulitamki. Siku hizi wengi wameacha. Mchungaji wetu amehubiri sana kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na katika nyumba nyingi wazee walikaa, kikatolewa kitu kidogo, mkwe akaletwa mbele akasalimia, yakaisha. Kwetu hayakuisha. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anayaandaa, akafariki kabla, na mzee akasema bila mke wake hakuna wa kuyafungua. Siku ya ndoa yangu alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Nilichoona ni kiatu kimoja cheusi, kimepigwa rangi vizuri.

Mimi si mtu mpole, na mwanzoni nilichukia. Nina cherehani yangu, nina kibanda changu Makandana, nashona sare za shule za watoto wa mji huu, halafu nikimbie kujificha kwa ajili ya mzee? Nilimwambia mume wangu huo ni ushamba. Akanijibu bila hasira, "Basi toka ukamsalimie." Baba yake alikuwa amekuja kututembelea, ameketi uani, namsikia anakohoa. Nikaenda mpaka mlangoni, nikashika komeo, na mkono ukagoma. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nikarudi jikoni nikaendelea kumenya ndizi, na suala lile sikulifungua tena.

Alihamia kwetu kutoka Matwebe baada ya kuanza kusahau. Aliweza kukaa shambani kwake tangu asubuhi akimsubiri marehemu mkewe atoke kisimani. Mume wangu akaona hapana, akamleta, akampa chumba cha uani chenye mlango wake, kinachopakana na jiko langu ukuta kwa ukuta. Watoto wetu walipokuwa wadogo ndio walipeleka chakula. Walipokwenda shule za bweni, tukabaki mimi na yeye na ukuta.

Mchana mume wangu yuko kiwandani, kiwanda cha chai. Cherehani nikawa naifunga saa sita ili nirudi kumpikia mzee. Chakula kikiwa tayari, nagonga ukuta kwa mwiko. Yeye anakohoa kujibu. Naweka sahani kwenye stuli mlangoni kwake, narudi ndani, nafunga mlango wa jikoni, ndipo nasikia mlango wake unalia. Baadaye namsikia anairudisha sahani, nami nangoja mpaka afunge ndipo niende kuichukua. Huyo ndiye baba mkwe niliyemjua: mlango, kikohozi, nyayo zinazoburura kidogo upande wa kushoto, harufu ya tumbaku na sabuni ya kipande.

Mambo ya vipapatio niliyajua kwa sahani. Siku ya kwanza nilimpelekea firigisi na paja, kama anavyostahili mwenye nyumba, na vipapatio nikatupia pembeni tu kwa sababu vilikuwepo. Sahani ikarudi na firigisi yake haijaguswa, paja limedonolewa kidogo, vipapatio vimebaki mifupa mieupe utadhani imeoshwa. Nikasema kumbe. Nikaanza kununua vipapatio vitupu kwa muuza kuku wa sokoni. Navikata kwenye kiungo, kisu kinapita katikati ya mifupa bila kuivunja, maana ukipiga panga mfupa wa kuku unachanika na kubaki na miba. Natia tangawizi, kitunguu saumu, limao, chumvi na pilipili kidogo ya Kyela, naacha vilale. Halafu jiko la mkaa uani, chini ya upenu, na wavu juu yake. Moto usiwe mkali. Nageuza, nageuza, mpaka ngozi ianze kulia.

Kuna kitu kinamtokea mtu anayeishi na mwenzake kwa sauti tu. Ukungu wa Tukuyu ukishuka mchana, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kulowesha nguo kabatini, nilikuwa nasimama pale kwenye jiko la mkaa na kujiuliza kama kweli kuna mtu chumbani. Nausikiliza ule ukimya. Naona moshi wa kuku unapotelea kwenye ukungu, sijui upi ni upi. Halafu anakohoa, na mwili wote unanisisimka, kama vile ukuta wenyewe ndio umekohoa. Nilikuwa namwogopa, jamani, nisidanganye. Na nilikuwa nampenda pia, hivyo hivyo kwa pamoja, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika dunia hii aliyewahi kumaliza chakula changu kwa heshima ile.

Baridi ya Tukuyu ya mwezi wa sita na wa saba haina adabu, na mzee ilikuwa inamuingia magotini. Kwa hiyo kila mwaka mume wangu alichukua likizo, tukateremka ziwani, Matema, tukae hotelini mpaka magoti yapoe. Mimi nilitangulia kwa basi. Wao walifuata kwa gari. Kabla hawajaondoka, mzee alivua koti lake zito la sufu, lile asiloliacha Tukuyu hata akienda chooni, akalitundika msumarini. Huko chini joto limejaa, koti la nini?

Hoteli yenyewe si kubwa. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, milango inatazama maji, na ukuta kati ya chumba na chumba ni mwembamba kiasi cha kumsikia jirani akijigeuza. Tulichukua vyumba viwili vya mwisho, kila mwaka vilevile, na wahudumu wakazoea kuviita chumba cha mzee na chumba cha mkwe. Niliwaomba jiko la mkaa nikamchomea mwenyewe, kwa sababu mzee hakuamini mkono mwingine. Wao wakipita jioni kwenda kuota jua mchangani, baba na mwana, mimi nilijifungia. Wakirudi akalala, mimi nikatoka. Ziwa Nyasa nimelijua kwa zamu.

Mwaka mmoja kule hotelini nilikuwa kitandani, mchana, wao wako mchangani, nimewasikia wakiondoka. Na mzee akakohoa chumbani kwake. Kikohozi chake hasa, kinachoanza na kukwama kidogo katikati. Nikakaa. Kikaja tena. Nilichungulia dirishani nikaona migongo miwili mbali kule kwenye maji, mmoja mrefu wa mume wangu, na wa pili nikauepusha macho haraka. Mume wangu aliporudi nikamwambia, akasema ni mawimbi. Basi ni mawimbi.

Sasa nije kwenye siku aliyopotea mzee.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka ambao likizo ya mume wangu ilicheleweshwa, kwa hiyo tulikuwa bado Tukuyu na baridi yetu. Mzee alikuwa amezidi kusahau. Alikuwa anamuuliza mwanawe kila jioni kama mama yake ameshakula. Mchana huo ukungu ulikuwa mzito, siioni hata kamba ya nguo. Niko uani na vipapatio vyangu, nageuza. Nikasikia mlango wake unafunguka, nyayo zinatoka, zile za kuburura kushoto, zinanijia mgongoni. Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikageukia ukuta, nikashusha kichwa, nikangoja apite kwenda chooni. Zikapita. Nikasikia geti. Nikasema moyoni kwamba ni mtu wa barabarani, maana mzee hana shughuli na geti.

Vilipoiva nikagonga ukuta kwa mwiko. Kimya. Nikaweka sahani kwenye stuli, nikaingia, nikafunga mlango. Kimya. Nilipotoka tena mafuta yalikuwa yameganda meupe juu ya nyama. Nikaenda kumwita mama jirani, mjane mmoja mwenye sauti kubwa, nikamwomba anisukumie ule mlango kwa sababu mimi siwezi, huenda mzee yumo. Akausukuma, akaingia, akatoka. Chumba kitupu, akasema. Koti liko msumarini.

Tulimtafuta. Mume wangu na waumini wenzetu walikwenda hospitali ya Makandana, wakaenda Matwebe kwenye shamba lake wakapita mgomba kwa mgomba, wakauliza wachuma chai njiani. Hakuna. Kituoni walinihoji mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naye mwisho. Alikuwa amevaa nini? Sijui, nikasema. Mrefu au mfupi? Sijui. Ana alama yoyote usoni? Askari akaweka kalamu chini akanitazama. Alikuwa kijana, si mtu wa kwetu. Aliniuliza tumeishi nyumba moja muda gani, nikamwambia, akamtazama mume wangu, mume wangu akajaribu kueleza. Nilitamani ardhi inimeze. Najua namna mzee anavyohema akipanda ngazi ya mlango, najua anavyokunja shuka, na pale mbele ya dawati sikuwa na hata neno moja la kuwasaidia wamtambue.

Mtaani maneno yakaanza. Mkwe gani anayeishi na mzee halafu hajui amevaa nini? Mwanamke mmoja niliyemshonea sare za watoto wake watatu alinipita njiani kama hanijui. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena. Lakini hayo yalikuwa madogo. Kilichokuwa kinanila ni baridi. Mtu mzima, magoti mabovu, hana koti, ukungu haupandi kwa siku nzima. Kila aliyekuja nyumbani alilitazama lile koti msumarini na kushusha sauti. Walisema mtu anayeacha koti lake katika baridi kama hii hana nia ya kurudi. Vijana wa kanisa wakaanza kwenda kuangalia kwenye maji, Mto Kiwira, hata Ziwa Masoko.

Na mimi nikawa namsikia. Asubuhi nikiwasha jiko, kikohozi kule ng'ambo ya ukuta, na katikati kinakwama. Mara ya kwanza nilitoka mbio kumwita mume wangu. Akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka macho mekundu. Hakuna mtu, akasema, tafadhali usinifanyie hivi. Baada ya hapo nikawa nasikia na kunyamaza. Nilichoma vipapatio kila mchana na kuviweka kwenye stuli, na kila jioni nikawapa mbwa wa jirani. Mume wangu aliona.

Ni pale kwenye stuli nilipofikiri. Nimesimama na sahani ya baridi mkononi, mlango wa mzee uko wazi, koti linanitazama. Wote walikuwa wanaliona koti wakaona kifo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nalipiga brashi kila mwaka nikitangulia kurudi kutoka ziwani, na nikaona kitu kingine kabisa. Mzee yule analiacha koti akienda mahali pamoja tu.

Nilimwambia mume wangu. Alikataa. Baba hawezi kupanda basi hapa, abadilishe Kyela, afike Matema, alisema, baba hajui hata kama amekula. Nikamwambia magoti yake yanajua. Akapiga simu ya mhudumu tuliyemzoea, haipatikani. Nikamwambia mimi naondoka, na gari au bila gari, na alivyoniona nimekwishajifunga kanga kiunoni akachukua funguo.

Tulifika Matema alasiri, jua bado liko juu ya maji. Getini mlinzi mgeni akasema kuna wazee wameketi mchangani, mume wangu akashuka huko huko akikimbia. Mimi nikaenda mapokezi. Palikuwa na binti mdogo wa miaka ishirini hivi, sijawahi kumwona. Nikamuuliza kama kuna mzee yuko peke yake hapa, kutoka Tukuyu.

"Yupo," akasema, "lakini hayuko peke yake. Yuko na mkwe wake."

Nikamuuliza mkwe gani. Akaniambia kwa upole, kama anamweleza mtu asiyejua mila za huku, kwamba mzee alikuja akaomba vyumba vyake viwili vya mwisho, na mpishi wa zamani akathibitisha kuwa ndiyo kawaida ya familia hiyo, mtoto wao huja kulipa mwishoni. Mkwe yuko chumba cha pili. Huyo mama hatoki kabisa, ni heshima yao. Kwa hiyo wao wanagonga, wanamwekea sahani mlangoni, wanaondoka.

Nikamuuliza, "Wewe umemwona?"

"Hapana, mama. Lakini chakula anakula."

Hapo ndipo nilipopaswa kumshukuru Mungu, mzee yu hai, nimempata, na badala yake nilisimama pale nimeshika meza nikimwogopa mwanamke aliyekuwa ananilia chakula changu. Nikamwomba ufunguo wa chumba cha mkwe. Akasita, akanitazama, nadhani uso wangu haukuwa mzuri, akanipa.

Sahani ilikuwa mlangoni. Mifupa mitupu. Huku ziwani paka ni wengi, nilijiambia, na mzee mwenyewe anaweza kuwa anakula sahani zote mbili, na hayo ndiyo ninayoyaamini hadi leo. Nikafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, katikati kuna mkunjo, kama mtu aliketi muda mrefu akitazama ukuta. Kanga niliyoisahau mwaka jana ilikuwa imewekwa juu ya mto, imekunjwa. Nikakaa pale pale penye mkunjo, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Na upande wa pili wa ukuta baba mkwe wangu akakohoa.

Safari hii kilikuwa chake, na kilikuwa hapo. Nilifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikataka kutoka nimwite mume wangu, na nimeshafika mlangoni, kikohozi kikabadilika. Kilipokwama katikati hakikuendelea. Kikawa mkoromo, halafu mluzi mwembamba, halafu kitu kikagonga sakafu. Nilielewa palepale. Hoteli ile wanakata kuku kwa panga. Mfupa ulikuwa umemkaa kooni.

Nilipiga kelele kumwita mume wangu, na mawimbi yakaimeza sauti. Nikafika kwenye mlango wa mzee, nikashika komeo. Safari hii mkono haukugoma.

Alikuwa amepiga magoti karibu na kitanda, ameshika shingo. Nilimkamata kwa nyuma, nikamwinamisha, nikampiga katikati ya mabega kwa kiganja, nikampiga tena, mzee wa watu, mwepesi kama fungu la kuni kavu. Mfupa ukatoka na mate na damu kidogo. Akavuta pumzi. Nikamgeuza, nikamwegemeza kitandani, nikampa maji. Na ndipo nikamtazama.

Alikuwa na uso mdogo. Sijui kwa nini nilitegemea uso mkubwa. Nyusi nyeupe, kovu jembamba chini ya jicho, na mdomo wa mume wangu hasa, ule ule, kana kwamba alikuwa ameuazima. Nilianza kulia. Yeye akanitazama vilevile, moja kwa moja, machoni, bila haya wala hofu, nami nikashtuka, maana baba mkwe wangu hanitazami.

"Ndaga," akasema, asante. Halafu akaniuliza kwa Kinyakyusa mimi ni binti wa nani.

Nikamwambia, "Mimi ni mkwe wako, baba."

Akaweka kidole mdomoni. Alikuwa na wasiwasi kweli, wa mtu aliyesikia jambo la aibu. Akaelekeza kichwa kwenye ukuta, upande ule nilikotoka, akaninong'oneza, "Usiseme hivyo. Mkwe wangu yuko pale. Atakusikia."

Mume wangu aliingia akihema, amejaa mchanga. Alipomwona baba yake alipiga magoti akamkumbatia, wakabaki hivyo. Mzee alimjua mwanawe, na ilikuwa furaha kubwa hiyo. Mume wangu akamwambia turudi nyumbani. Akamwambia, baba, huyu ndiye amekuokoa, ndiye mkwe wako, ndiye anayekupikia siku zote. Mzee akanitazama tena, toka utosini mpaka miguuni, polepole.

"Huyu simjui," akasema. "Mkwe wangu ana adabu, hawezi kuingia humu. Mtoe."

Mume wangu akajaribu tena, akataja ukuta, akataja mwiko, akataja vipapatio. Mzee akazidi kuchachamaa. Akasema haendi popote, hapandi gari, mpaka mkwe wake aarifiwe na awe tayari, kwa sababu hawezi kumwacha mtoto wa watu peke yake ziwani. Alishika nguzo ya kitanda. Ukimvuta anapiga kelele. Kile kifua kikaanza kupiga tena mluzi, nikaona tunaweza kumpoteza papa hapa baada ya kumpata.

Nikatoka. Sikuaga. Nikaingia chumba cha pili, nikafunga mlango, nikachukua ile kanga ya mwaka jana juu ya mto na kujifunika kichwa na uso mpaka kifuani. Nikakaa kitandani. Upande wa pili nilimsikia mume wangu akimwambia baba yake kwamba mkwe yuko tayari. Nikasikia mzee anashusha pumzi ndefu. Akauliza kama amekula. Mume wangu akasema ndiyo, baba, amekula.

Nilingoja mpaka mlango wa gari wa mbele ulipofungwa ndipo nikatoka, nimejitanda, nikaingia nyuma. Mzee hakugeuka. Binti wa mapokezi alisimama kwenye ngazi akitutazama, na nilijua kwake sasa nimekuwa yule mama asiyetoka chumbani. Tulipita Ipinda jua likishuka, tukaanza kupanda, na baridi ya kwetu ikaanza kuingia kwa dirisha. Mume wangu alikuwa amelibeba lile koti. Mzee akalivaa bila kuuliza limefikaje.

Nikadhani amelala. Halafu akamwambia mwanawe aendeshe taratibu, kuna mtu nyuma. Na baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini aliyodhani siisikii:

"Yule mwanamke aliyeingia kwangu. Alikuwa analia. Ni nani?"

Nilijua mume wangu anatafuta kunitazama kwenye kioo, na kwenye kioo hakuna ila kanga.

"Ni mpita njia, baba."

"Ana huruma," mzee akasema. "Lakini asije nyumbani. Mkwe wangu ataona vibaya."

"Haji," mume wangu akasema. "Ameshakwenda."

Nililia bila sauti hadi Tukuyu, pumzi yangu ikinirudia usoni. Mzee yuko hai mpaka leo, chumba cha uani, na anakula vizuri. Mume wangu amependekeza mara kadhaa tuwaite wazee, yaishe, nimsalimie tu. Nakataa. Uso wake ninaujua, na nikiwa peke yangu naukumbuka, kovu na nyusi na mdomo. Nitauona tena siku watakapofunua jeneza tupite kuaga, na siku hiyo hataniuliza mimi ni nani.